Mchekeshaji Hakulitamka

Wapo wanaoamini kwamba utani wa Waingereza wenye maana mbili ni matusi yaliyotupiwa kitambaa, kazi ya wachekeshaji waliokosa la maana la kusema. Napinga, tena kwa nguvu zote.

Mtazame Max Miller wa Brighton, aliyetamba kwenye kumbi za Uingereza kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili. Anatokea jukwaani na suti ya maua maua, anatoa vitabu viwili, cheupe na cha buluu, anawauliza watu wanataka kipi. Ukumbi unalipuka: cha buluu! Kila mtu anajua kipi ndicho kichafu. Anaanza beti, vina vinateremka vizuri, na likibaki neno moja tu la kukamilisha kina, ananyamaza. Ukumbi hoi kwa kicheko. Naye anawageukia, uso umejaa mshangao, anawakemea kwamba watu kama wao ndio wanaomharibia jina. Sasa, nani katukana? Neno walikuja nalo wenyewe kutoka majumbani kwao, akina mama waheshimiwa wakiwemo.

Wanaosema ni kazi rahisi watazame Carry On, mfululizo wa filamu ulioanza 1958 na kuishi miaka ishirini kwa kudokeza tu. Mwaka 1978 ikaja Carry On Emmannuelle, iliyothubutu kufunua zaidi. Haikuchekesha, na baada yake zikapita kimya miaka 14. Ufundi wote ulikuwa katika kuficha.

Na kuficha hakukuwa mchezo. Mwaka 1954, huko Lincoln, mchoraji Donald McGill, mzee wa miaka 79, alipigwa faini mahakamani kwa sababu ya kadi zake za utani zilizouzwa kwenye miji ya pwani. Mwongozo wa BBC wa miaka ya 1940 ulikataza hata mzaha wa fungate na nguo za ndani za wanawake.

Lakini tazama kilichopenya. Kuanzia 1965, kipindi cha redio cha Round the Horne kiliwaleta Julian na Sandy, wahusika waliozungumza Polari, lugha ya siri ya mashoga. Hadi 1967 sheria ya Uingereza iliwafunga jela wanaume wa aina hiyo. BBC ileile ikayarusha mazungumzo yao Jumapili mchana, na familia nzima zikawacheka kwa upendo. Anayeuita huo uchafu atuambie watu hao wangesikika kwa njia gani nyingine.