Nyumba ya uswahilini usiipige picha kama ghorofa

Wadau, dukuduku langu la leo ni picha za Dar. Angalia kalenda, mabango, mpaka kurasa zetu wenyewe wanachuo: Dar ni ile ile, maghorofa ya Posta yamepigwa kutokea upande wa Kigamboni, maji chini, mawingu juu. Hapa Mlimani nako ni Nkrumah Hall na majoho, basi. Jengo hilo hilo lilikuwa hata nyuma ya noti ya shilingi 500. Inatosha jamani!

Temeke na Kinondoni je? Zikipigwa, zinapigwa toka juu, bati tupu lenye kutu, halafu mtu anaandika "uswahilini". Napinga. Nyumba zetu zile zilijengwa zitazamwe kwa mbele, wewe ukiwa umesimama mtaani: mlango katikati, madirisha huku na huku, baraza, korido imenyooka mpaka uani, vyumba vitatu kila upande. Ina ulinganifu kama uso wa mtu. Sasa mchizi anakuja na kamera anaishika wima, utadhani yuko mbele ya yale maghorofa pacha ya PSPF. Nusu ya picha mbingu, na waliokaa barazani kawakata miguu! Nyumba ni pana na fupi, laza kamera. Ishike usawa wa kifua, usiielekeze juu, la sivyo kuta zinaegemeana kama zinataka kudondoka.

Najua mtasema mitaa ya Tandika na Mwananyamala ni myembamba, ukirudi nyuma unaingia barazani kwa watu. Sawa, ingia. Toa shikamoo, omba ruhusa, pigia hapo hapo. Au simama kwenye kona upige kwa mshazari, kuta mbili zionekane. Ila saa sita mchana kaa nyumbani: jua liko utosini, paa linamwaga kivuli cheusi barazani, mlango hauuoni tena. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, kutegemea nyumba inaangalia wapi. Nyaya za umeme ziache, ndio mtaa wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba hizi zinaisha. Kila siku baraza linafungwa matofali, zinatoka fremu za saluni na miamala ya simu (fremu za maduka, sio za picha!). Simlaumu mwenye nyumba, kodi anaihitaji. Magomeni Kota zile za zamani zilibomolewa, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa mapya ya kaya 644. Maghorofa mazuri tu, na picha zake zimejaa. Haya, za kota zile za mwanzo wewe unazo ngapi? Sio picha ya harusi ambayo ukuta umetokea nyuma ya bibi harusi kwa bahati. Picha ya nyumba yenyewe, mlango, baraza na wenyewe wamekaa.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa Tandika. Simu yenye kamera inatosha. Nauli kila mtu na yake.