Nidhamu ya mchangani

Tulipokwenda na aila yetu Oceano Dunes, vilima vya mchanga vya kuendeshea magari huko California, kwa mara ya kwanza, kilichotustaajabisha kuliko vishindo vya magari ilikuwa ni nidhamu: kila chombo kimesimikwa mlingoti wenye bendera, kimo cha futi 8 kutoka ardhini, ili apandaye kilima cha mchanga aonekane na ajaye upande wa pili kabla hawajagongana. Mume wangu alipunguza upepo wa matairi, nayo yakatandaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Nawausia wazazi wenzangu: wafungeni watoto helmeti sawasawa, wala msiukaribie uzio uwekwao Machi hadi Septemba, kwani ndani yake ndege wa pwani huatamia, nao wana haki katika ufuo ule.