Injini Isikuponyoke

Ukitoka Magadi kurudi Nairobi, mlima unaoishia Kona Baridi hulijaribu gari kwelikweli. Rejeta kuukuu hufoka mvuke, na gasketi ya silinda hedi huungua. Gari huvutwa hadi nyumbani, na pengine injini yote ikalazimika kushushwa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Injini hulazwa juu ya tairi kuukuu, baba akashika huku, kijana wa shule akashika kule, kisha wakaipindua kwa nguvu za mikono. Injini ndogo ya petroli ya silinda nne huwa na uzito wa kama kilo 100 hadi 150. Ikiteleza, haichagui kidole cha nani.

Stendi ya kawaida ni bomba ndani ya bomba, na pini ya kuzuia. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi uzito wa injini haukai sawasawa na katikati ya bomba. Tuseme injini ina kilo 120, na uzito wake umeegemea kando kwa sentimita 10. Kwa mtaimbo wa sentimita 50, utahitaji nguvu ya kuinua kilo 24. Ukichomoa pini bila kujiandaa, mtaimbo utakurudia usoni.

Dawa yake ni gia ya parafujo: parafujo inayozungusha gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 40, utazungusha mpini mara 40 ili injini ipinduke mara moja. Kwa mpini wa sentimita 30, hata nusu ya nguvu ikipotea katika msuguano, utasukuma kama kilo 2 tu, uzito wa pakiti ya unga. La muhimu zaidi, mpini huizungusha injini, lakini injini haiwezi kuuzungusha mpini. Ukiuachilia, injini hubaki palepale.

Waulize wauza vyuma vikuukuu giaboksi ya kupunguza mwendo, iliyotoka katika mashine ya kiwandani. Usikubali giaboksi ya usukani wa lori, kwa maana haizunguki mzunguko mzima. Difrensha nayo huzunguka, lakini uzito huirudisha nyuma. Kabla ya kulipa, shika shafti ya kutokea kwa spana ndefu ujaribu kuizungusha. Mpini ukisogea, rudisha pesa mfukoni.

Sasa tujenge. Nguzo iwe ya bomba la mraba lenye unene usiopungua milimita 5. Shafti ibebwe na beringi mbili imara. Usiiachie giaboksi peke yake uzito wote. Mbele yake chomelea bamba la milimita 12 lenye mikono minne ya kufungia injini. Bolti ziwe na alama ya 8.8 kichwani, na uzi wake ulingane na ule wa injini. Miguu ya mbele ipite chini ya injini na kuzidi pale uzito ulipo, la sivyo stendi yote itaanguka kifudifudi.

Ongeza pini ya kufunga, maana mtikisiko wa nyundo unaweza kuisogeza hata gia nzuri. Kisha ijaribu: fungia mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kwenye mikono hiyo, uiache usiku kucha. Asubuhi kagua kila mahali palipochomelewa. Ukiona ufa, rudia kazi.

Siku ya injini yenyewe, mwaga oili na maji kwanza. Usilegeze mnyororo wa kuinulia kabla ya bolti zote nne kukazwa. Kwenye miteremko kama ya Kona Baridi, zuia magurudumu kwa mawe. Na upepo wa huko haulali: funika silinda kwa kitambaa safi, kwani vumbi likiingia litakula pistoni ulizozinunua kwa jasho.

Hapo unaweza kumwita kijana wako azungushe mpini, naye aione krenkishafti ikija juu polepole. Mfunze jambo moja kabla ya yote: mikono isiwe chini ya injini, hata kama gia ni nzuri namna gani. Spea ya kidole haiuzwi.

Hadi Jumapili ijayo, kazi njema.