Nyota haimfundishi mtoto hesabu

 Mwandishi, pale uliponena katika makala yako kwamba mtoto akitunukiwa nyota kwa kila jibu katika michezo ya vishikwambi, elimu itamwingia bila taabu, hapo mimi niandikaye kutoka Nkoaranga siafikiani nawe, kwa kuwa nimemtazama mjukuu wangu akibonyeza kila kitufe pasi na kusoma swali, ilimradi nyota zimiminike, na nilipomuuliza saba na tano ni ngapi akanikodolea macho kana kwamba nimemuuliza habari za Uchina. Nanyi wachangiaji mliotangulia, mnaodai michezo hiyo haina faida hata chembe, mmepindukia mpaka, kwani majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kujifunzia za vishikwambi, yalifanyika papa hapa nchini Tanzania, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili, na mwaka 2019 washindani Kitkit School na onebillion wakagawana tuzo. Fauka ya hayo, tunalo bao la kujifunza, mchezo wa kete mbili mbili katika mashimo 32, ambamo asiyehesabu kabla ya kutia mkono huliwa papo hapo, wala hapana wa kumpa nyota. Je, mwandishi, hao wabunifu wa michezo ya vishikwambi uliowasifu wamewahi kulicheza bao hilo?