Hakutoroka, Aliacha Kazi



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili mama mmoja wa parokia alinifuata ofisini akiwa amejaa hasira. Binti aliyemleta kutoka bara kumsaidia kazi za nyumbani hapa Mji Mkongwe "amemtoroka", akaenda kufua mashuka katika hoteli moja huko Paje. Aliniomba nimwite binti huyo nimkumbushe fadhila ya uvumilivu. (Hakuyasema katika kitubio, ndiyo maana nathubutu kuyaandika.)

Nilimwuliza alikuwa akimlipa nini. Kwanza alinitajia nauli ya boti, kisha kula na kulala, kisha kanga za Krismasi. Mshahara wa miezi mitatu, alikiri hatimaye, "anamwekea". Na vyeti vya shule vya binti vimo kabatini mwake, "kwa usalama".

Ndugu zangu, neno hili kutoroka linanikera. Katika pwani yetu mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Soko la watumwa la Mkunazini, si mbali na kanisa la Minara Miwili, lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Hata amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 haikumweka huru kila mtu kwa mara moja. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyekosa makazi na njia ya kujikimu aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Basi wengi walibaki chini ya mikarafuu ya mabwana wale wale, kwa mapatano ya kazi. Hoja ya "nimekulisha, nimekuvika" si ngeni kisiwani hapa.

Wako watakaonijibu kwamba Mtakatifu Petro aliwaasa watumwa wawatii hata mabwana wakali. Ni kweli. Lakini alisema na watu wasiokuwa na mlango wa kutokea. Hakuwaagiza mabwana waufunge. Na Torati ilikataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia. Someni pia Mwanzo sura ya 31. Yakobo alimtumikia Labani miaka ishirini, akabadilishiwa ujira mara kumi, kisha akaondoka bila kuaga. Labani alimfuatia siku saba. Usiku Mungu akatoa onyo ndotoni, na aliyeonywa ni Labani.

Papa Leo XIII alifundisha katika Rerum Novarum, mwaka 1891, kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu maskini ameukubali. Katekisimu nayo inaweka dhuluma ya ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, pamoja na damu ya Abeli. Sasa nani aitwe ofisini kuonywa?

Kosa moja la binti nalikubali: hakutoa notisi, na Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya mwaka 2005 inaitambua notisi kwa pande zote mbili. Lakini aliyefungia kabatini vyeti vya mwenzake na kumnyima mshahara hana uso wa kumdai adabu hiyo.

Mimi si mtetezi wa hoteli. Nazijua zile zinazowaachisha watu kazi mvua za masika zikianza na wageni wakipungua. Hata hivyo huko Paje binti amepewa mkataba wa maandishi, siku ya mapumziko, na mchango wake unapelekwa ZSSF. Katika nyumba ya Mkatoliki mwenzake, inayosali rozari kila jioni, hakupata hata kimojawapo.

Nilimwomba yule mama alete ofisini vitu viwili, vyeti na mshahara wa miezi mitatu. Juzi mtoto wake alileta bahasha yenye vyeti. Mshahara ningali nausubiri.