Ukweli na Raha katika Mchezo wa Darasani

Wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huamini kwamba mchezo wa kuiga maisha huwa bora kadiri unavyofanana na maisha yenyewe. Mwalimu akitaka kufundisha fedha, hujenga duka zima. Akitaka kufundisha vipimo, huleta mizani, magunia na wachukuzi. Naona kwamba imani hiyo ina kasoro. Mtoto aweza kucheka kipindi kizima na kutoka darasani kama alivyoingia.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo. Katika skuli moja ya msingi hapa Pemba nilikuwa nikilifundisha darasa la tatu kugawanya kwa baki. Nilichagua kazi ambayo watoto wa kisiwa hiki wanaijua vyema, yaani uchumaji wa karafuu. Nilitandika majamvi, nikagawa pakacha, nikateua wachumaji, wachambuaji wa makonyo, wapimaji na karani mmoja mwenye daftari. Mchezo ulifana kweli kweli. Lakini nilipowapa zoezi la kuandika baada ya vipindi viwili, walioshindwa walikuwa wengi kuliko waliofaulu. Ndipo nilipotambua kwamba hesabu zote zilifanywa na yule karani, mtoto ambaye alijua kugawanya tangu mwanzo. Shambani ndivyo ilivyo: wengi huchuma, mmoja huhesabu. Niliufuata ukweli kwa uaminifu, na ukweli huo ndio ulioninyang'anya somo.

Jambo hili limewashughulisha pia watu ambao hatukuzoea kuwahesabu pamoja na walimu, nao ni watungaji wa michezo ya kompyuta. Katika michezo yao mingi mchezaji hukuta mlango au sanduku lililofungwa, naye hana ufunguo, hivyo hulazimika kulichokonoa kufuli. Kufuli halisi, la aina ambayo Linus Yale Mdogo wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1861, lina vijiti vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi. Ufunguo sahihi huviinua vyote hadi kimo kinachotakiwa, na silinda huzunguka. Asiye na ufunguo huikaza silinda kidogo kwa chuma kimoja, na kwa chuma kingine huinua kijiti kimoja kimoja, akitegemea hisia za vidole vyake. Ni kazi ya subira kubwa.

Je, mtungaji achukue yote hayo? Katika mchezo wa Oblivion wa mwaka 2006, mchezaji huviona vijiti na kuviinua kimoja baada ya kingine. Katika Skyrim wa mwaka 2011, uliotungwa na kampuni ile ile ya Bethesda Game Studios, vijiti viliondolewa. Mchezaji hutafuta pembe ya kuwekea chuma chake, kisha hujaribu kulizungusha kufuli; akikosea, kufuli hugoma, na akizidi kulazimisha, chuma huvunjika. Sura ya kufuli imepungukiwa na ukweli, lakini kupapasa, kukisia na hofu ya kuvunja vimebaki. Tofauti na hayo, katika BioShock wa mwaka 2007 mchezaji anayetaka kuitawala mashine huunganisha vipande vya mabomba ili kimiminika kipite. Ni fumbo la kufurahisha, lakini halimfunzi cho chote juu ya mashine ile. Kwa mtungaji wa burudani hilo si kosa. Kwa mwalimu ni kosa kubwa.

Huenda msomaji akauliza kama ni vema mwalimu achukue mfano kwa kazi ya wezi. Ninachokichukua ni ustadi wa mtungaji katika kuchagua, wizi haumo. Na kama mfano huo haupendezi, tulitazame bao letu. Lina "nyumba" isiyo na paa wala mlango, na kete 64 katika mashimo 32. Halifanani na nyumba ya mtu ye yote, lakini mchezaji asiyeweza kuhesabu kete zake zitakapoishia hashindi. Ugumu wa mchezo na maarifa ya mchezo ni kitu kimoja.

Niliporudia somo langu, niliyaacha majamvi na makonyo. Nilibakisha kibaba, kokoto za kuwa karafuu, na kanuni kwamba vibaba 4 ni pishi 1 na malipo ni kwa pishi. Watoto walikaa wawili wawili, wakipokezana uchumaji na ukarani. Aliyeleta vibaba 11 alipaswa kulipwa pishi 2 na kuandikiwa baki ya vibaba 3. Karani aliruhusiwa kujaribu kumpunja mwenzake. Mchumaji asipogundua, alipoteza. Hapo kila mtoto alihesabu, na alihesabu kwa hamu, kwa kuwa haki yake ilikuwa mkononi mwa mwingine. Mmoja wao alisema kwamba mama yake hupimiwa karafuu kila msimu, na kwamba msimu ujao atakwenda naye. Yale majamvi yote ya mwanzo hayakumpa mtoto ye yote neno kama hilo.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, kabla hujakusanya zana za mchezo wako, jiulize mambo matatu. Je, ni ugumu gani mmoja wa maisha ninaotaka mtoto akutane nao? Je, aweza kushinda bila ya kuushinda ugumu huo? Na je, ni watoto wangapi watakutana nao kwa wakati mmoja? Ukweli unaoutumikia ugumu huo uushike kwa mikono miwili. Ukweli mwingine wote uuache nje ya mlango wa darasa, hata kama unapendeza machoni pa mkaguzi.