Bwawa bila bashi lifungwe

Vijana wenzetu wa Kenya, Katuba, Kampemba na Lubumbashi yote,

Tarehe 4 Novemba 2025, mayi machafu ya kiwanda cha CDM, kampuni ya Kichina ya shaba na kobalti, yalitoka mu bwawa na kuingia mu mitaa ya watu, mu komine Annexe. Waziri wa Migodi, Louis Watum, akasimamisha kampuni miezi 3. Alisema mwenyewe: bwawa linapitisha mayi, visima vya kupimia hakuna, mpango wa dharura hakuna.

Sisi tuko na ulizo moja tu. Hivyo vyote vilianza kukosa mwezi wa 11? Nani alikuwa anakagua mbele ya hapo, na aliandika nini?

Tusidanganywe kwamba ni mambo ya wataalamu tu. Shaba na kobalti zinatolewa mu mawe kwa asidi ya sulfuriki. Mayi yanayobaki ni sumu. Njo maana chini ya bwawa wanatandika jeomembrani: bashi ya plastiki ngumu, unene wake milimita 1.5 ao 2. Vipande vinaunganishwa kwa moto na kila muungo unapimwa. Chini yake wanaweka jeotekstaili, kitambaa kinene, mawe yasitoboe. Pembeni wanachimba visima ili wajue kama kunavuja. Haiko uchawi. Migodi ya dunia inatumia hii kazi miaka na miaka.

Na bashi peke yake haitoshi. Tarehe 18 Februari 2025, jirani zetu wa Zambia waliona ukuta wa bwawa la Sino-Metals unabomoka kule Chambishi. Asidi ikafika mu muto Kafue, na muji wa Kitwe ukakatiwa mayi. Bashi, ukuta, mifereji, ukaguzi: vyote vinaenda pamoja.

Kuna watakaosema: ni mvua. Mvua ya Novemba, mtoto wa shule ya msingi anaijua! Mwenye kujenga bwawa Katanga bila kuhesabu mvua, amechagua nani atalipa.

Wengine watasema: Annexe iko mbali na Kenya. Mayi hayajui mipaka ya komine. Lengalenga ambayo bamama wanauza mu soko yetu, inamwagiliwa na mayi gani? Barabara iliyojaa mayi inakauka. Sumu iliyoingia chini ya udongo inabaki, na hakuna mutu anaiona.

Sheria iko. Kodi ya Migodi ya 2018, kifungu cha 285 bis, inasema mwenye haki ya mugodi analipa hasara, hata kama hakuna kosa lake. Basi wasitupe mifuko ya unga na kupiga picha.

Tunadai:

1. Kila bwawa la migodi mu Lubumbashi na pembeni yake likaguliwe. Lisilo na bashi na visima vya kupimia, lifungwe.
2. Matokeo ya vipimo vya mayi yabandikwe ku kila komine, kwa Kiswahili.
3. Waliotia sahihi ku ukaguzi wa zamani wajulikane na wajibu.

Miezi 3 ni mifupi. Ikiisha na bwawa halijabadilika, hiyo haikuwa azabu, ilikuwa likizo. Tutahesabu siku, na tutauliza tena.

Vijana, tusilale.